Sauti ya Mwenye Nyumba

Mwanangu Humam anasema kichekesho hakifasiriki. Kasoma, shahada yake iko ukutani, mwache aseme. Ananionyesha vichekesho kwenye simu, watu wanaanguka wanainuka, chini yanapita maandishi, na nikicheka ananiuliza nimefahamu nini. Nimefahamu nini! Mie nlikuwa nikitizama vichekesho vya Kijapani kabla yeye hajazaliwa, tena kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya babu yake. Asinambie mie habari ya kufasiri.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Azaiba, hapa Maskati, upande wa pwani. Mie nlikuwa mwalimu wa skuli, sijaolewa bado, na mdogo wangu Aflah alikuwa ndo kwanza anamaliza masomo. Baba yetu, Harub, alikuwa karani Wizarani, mtu wa mafaili asubuhi na wa maneno jioni. Nyuma ya nyumba tulikuwa na vyumba viwili vya uani, na mwaka 1993 Baba akampangisha Mjapani mmoja aliyekuja kutengeneza winchi za Bandari ya Sultan Qaboos. Jina lake Nishida. Mama yetu, Rahila, hakutaka. Alisema huyo mtu atapika madudu gani, na harufu itaingia kwenye nguo zake za sandukuni. Wiki haijesha, keshampelekea sahani ya wali wa nazi, na sahani iliporudi ilikuwa imeoshwa, imefutwa, imefungwa kwa karatasi na utepe. Mama akasema haya, huyu kalelewa.

Nishida alikuwa na mjomba wake mchekeshaji. Si wa kituo kikubwa, la, wa kituo cha televisheni cha mji wao huko, lakini kila wiki alikuwa na kipindi yeye na mwenzake, na mji mzima ukiwajua. Mama yake Nishida alikuwa akivirikodi vipindi vya kaka yake na kumpelekea mwanawe kanda kwa posta ili asione ukiwa. Sasa Nishida hakuwa na deki ya video, na sisi tulikuwa nayo. Ijumaa moja, wanaume wamesharudi msikitini, tumekula, tumejinyoosha, mara tunamuona mlangoni na mkanda mkononi, anainama, anaona haya. Baba akamwambia aingie, nyumba ni yake.

Hao watu wawili nnawaona mpaka leo. Mjomba mwenyewe alikuwa mfupi wa duara, amevaa nguo za kulalia za mistari. Mwenzake, akiitwa Kurata, alikuwa mrefu mkavu, suti, tai, mkoba, na uso wa mtu anayeumwa na jino. Mchezo ulikuwa ule ule kila wiki. Mjomba anaingia nyumba isiyo yake. Anavua viatu, anavipanga vizuri mlangoni, anakaa kwenye meza fupi, anafunua sufuria, anakula. Kurata, ndiye mwenye nyumba, anarudi kazini, anamkuta mtu nyumbani kwake na kijiko mdomoni. Wanabishana, mwisho Kurata anamshika kola anamtoa nje. Basi, ndo hivyo. Watu wasioonekana wanacheka, mkanda mzima wanacheka, na sisi tumekaa tunatizamana.

Nishida alijitahidi kutueleza. Alikuwa na Kiingereza kidogo na Kiarabu cha bandarini, na kila akimaliza kueleza neno moja, Mjomba keshatolewa nje na tangazo la sabuni linapita. Jasho likamtoka. Mie nlimuonea huruma, na Aflah alikuwa keshaanza kupiga miayo. Hapo ndipo Baba alipoweka kikombe chake cha kahawa chini na kusema mwacheni kijana apumzike, nitafasiri mie.

Baba hakujua Kijapani hata cha kuombea maji. Lakini alikaa mbele ya televisheni, akamkazia macho Mjomba, na Mjomba alipofungua mdomo, Baba akafungua. Alimfanya ni mtu wa Unguja, ndo kwanza ametua Maskati, anatafuta jamaa zake. Kurata alimfanya ndugu tajiri aliyekuja zamani na hataki kumjua mtu. Kurata akiuliza we nani, Mjomba, mdomo umejaa, anajibu kuwa ni ndugu yake wa damu. Undugu kwa nani? Kwa vile bibi yako na bibi yangu walikuwa wakinunua samaki kwa mchuuzi mmoja pale Malindi ya Unguja. Hilo ndo undugu? Ndo undugu, tena wote wawili alikuwa akiwauzia wabovu.

Lo, tulicheka siku ile mpaka jirani yetu Bakhita akaja kuuliza kuna nini. Bakhita na watu wake walikuwa wametoka Tabora, na sie na wao hatukukaa kitako bila ya kuchokozana. Wao wakituita watu wa urojo, sie tukiwaita watu wa bara. Alisimama mlangoni na kanga yake kichwani, akasikia Kurata anamwambia mwenzake kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mjomba akamjibu: jembe lenyewe hapa Maskati nilimie nini, majabali? Bakhita akakaa chini pale pale mlangoni. Tangu siku ile hakukosa Ijumaa, na alikuwa akija na muhogo wake wa kukaanga kama ndo tiketi.

Na Nishida? Yeye ndiye aliyecheka kuliko sote, na mwanzo hakuwa akifahamu neno. Alituambia baadaye, alipokwisha kukijua Kiswahili. Na alikijua, wallahi, miaka minne ya kukaa na Mama jikoni si mchezo, mwisho alikuwa akisema “hebu” na “ati” kama mtoto wa Ng'ambo ya Unguja. Alisema alichokuwa akikicheka ni wakati. Baba akianza pale pale Kurata anapoanza, na akinyamaza pale pale anaponyamaza, hata ile pumzi ambayo Kurata akiivuta kabla hajagomba, Baba akiivuta. Alipokwisha kuyafahamu maneno akaanza kumkosoa Baba, kuwa hapo hawakusema hivyo. Baba akimjibu kuwa basi wamekosea wao.

Mtu mmoja tu alikuwa hachekeshwi na mwisho wa mchezo. Mama. Alikuwa akicheka na mabibi na samaki mpaka machozi, lakini Kurata akifika pa kusema “Toka!”, Mama anakuwa keshanyanyuka, ati anatizama chai. Mie nlijua kwa nini. Mwaka 1972, Baba na Mama walipokuja Maskati kutoka Unguja, mie nikiwa mchanga mgongoni, walikwenda kwa jamaa mmoja wa Baba wakiwa na jina lake tu kwenye kipande cha karatasi. Jamaa yule aliwasikiliza, akasema hawajui, akafunga mlango. Baba aliifanya kichekesho habari ile, na labda ndivyo alivyoipoza. Mama haikumpoa. Alikuwa akisema kuna milango mtu anaisikia ikifungwa maisha yake yote.

Mwaka 1997 kazi ya Nishida ikesha. Kanda nyingine alirudi nazo, lakini mmoja, ule tuliokuwa tukiupenda kuliko zote, aliuacha. Alimkabidhi Baba mkononi, akasema kwa Kiswahili chake kizuri kuwa hampi, anauweka amana, ili awe na sababu ya kurudi. Baba akauweka kabatini pamoja na misahafu. Mama alilia siku Nishida anaondoka, halafu akakataa kuwa alilia, akasema ni vitunguu.

Miaka miwili baadaye koo likaanza kumsumbua Baba. Madaktari wakamwambia lazima apasuliwe, na sauti yake hawawezi kumuahidi. Kesho yake akaenda madukani Ruwi akanunua maikrofoni ndogo, maana deki yetu ilikuwa na tundu ya kuchomekea na kijitabu chake kilisema unaweza kutia sauti kwenye mkanda. Baba alidhani sauti yake itakaa juu ya ile ya Kijapani, zisikike zote mbili, kama tulivyokuwa tukizisikia Ijumaa zote zile. Akatufukuza sote chumbani, akafunga kiyoyozi kisingurume, akaufasiri mkanda mzima tangu mwanzo mpaka mwisho. Alitoka kalowa jasho, ana furaha kama mtoto. Akatuita tukae, akaubonyeza.

Sauti ilikuwa yake peke yake. Mjomba anafungua mdomo, Baba anasema. Kurata anafungua mdomo, Baba anasema. Kijapani hakipo, na wale watu wasioonekana waliokuwa wakicheka nao hawapo, wamefutika. Aflah alichezea nyaya, akarudisha nyuma, akapeleka mbele, wapi. Sijapata kumuona baba yangu vile. Alikaa na mikono magotini akasema, “Nimeiharibu amana ya mtu.” Mie nikamwambia Baba, ni mkanda tu, Nishida anazo nyingine kwao. Akanikata jicho.

Alipasuliwa, na sauti haikurudi. Alikuwa akinong'ona, na mwaka uliofuata hata kunong'ona hakuweza. Siku zake za mwisho alimshika Mama mkono, akamfanyia ishara ya mkanda, ya kufungua kabati. Mama alimfahamu, hakuhitaji sauti. Alimwambia, “Nishida akija nitamwambia kweli, na nitamuomba akusamehe. Tulia.” Akatulia. Sie kwetu mtu akifa na haki ya mwenzake shingoni ni jambo zito, na Mama ni mtu wa kusali sala zake kwa wakati, mambo haya hayachukulii mzaha. Eda ikesha, mambo yakasogea, mie nikaolewa, na Mama akawa na donge hilo moja. Tukiwa tumekaa tu, tunachambua mchele, mara atauliza Nishida hajapiga simu?

Na wakati huo huo mkanda ule ndo ukawa sauti ya Baba tuliyobaki nayo. Ijumaa Mama anaubonyeza, na ole wako ukohoe. Hakutaka mtu aseme, hakutaka mtu acheke kwa nguvu. Anakaa na kanga yake anamsikiliza mumewe anagombana na mumewe juu ya sufuria ya wali. Aflah aliupeleka dukani akautolea nakala, kwa kuogopa deki isije ikautafuna, lakini Mama akiutizama ule ule wa asili.

Nishida alipiga simu mwaka 2004. Namba yetu ilikuwa ile ile, na Mama ndiye aliyepokea. Alipokwisha kusalimiana naye na kumpa habari ya msiba, na Nishida kulia kwenye simu, Nishida naye akamwambia yake. Kurata naye alikuwa kafariki, miaka miwili nyuma. Kile kituo chao kidogo kilikuwa kikizifutafuta kanda zake ili zitumike tena, na vile vipindi havipo hata kimoja. Zile kanda alizorudi nazo, mama yake Nishida, mtu mzima na haoni vizuri, alirikodi mapishi juu yake. Mjomba alikuwa mzee sasa, na kubwa analolitaka duniani ni kumsikia mwenzake mara moja. Picha anazo, za karatasi. Sauti hana. Nishida alimwambia kuna mkanda mmoja Maskati, kwa watu waaminifu, na Mjomba akasema hapelekewi kwa posta, atakuja kuuchukua mwenyewe.

Mama aliuweka ule mkono wa simu chini. Kisha akatuambia. Aflah akasema jambo jepesi, tuseme deki imeutafuna mkanda, mambo hayo hutokea, mzee atasikitika na atarudi kwao, na Baba hatoaibika. Nakiri nami niliona ni shauri zuri. Hata Bakhita, aliyekuwa kaja kuomba ndimu, alisema uongo mwingine ni sadaka. Mama akasema njia ya mwongo fupi, na kuwa Baba hakumuomba amfichie aibu, alimuomba amfungulie deni lake.

Walikuja wakati wa baridi, Ijumaa, mchana. Nishida alikuwa kapata mvi na kitambi, akamuinamia Mama mpaka chini. Nyuma yake akaingia mzee mfupi wa duara. Alivua viatu, akavipanga vizuri mlangoni, na mie roho ikanishtuka, maana nlimuona akifanya hivyo hivyo miaka chungu nzima kwenye kioo cha televisheni. Aflah aliwakaribisha barazani, nikaleta halwa na kahawa. Mama alikuwa kavaa buibui, kakaa upande wake, mkanda uko mapajani. Hakungoja hata kikombe cha kwanza kishe.

Alimwambia Nishida amfasirie mzee neno kwa neno, asipunguze. Akasema yote. Maikrofoni, koo, kiyoyozi, namna Baba alivyodhani na namna ilivyokuwa. Akasema sauti mliyoifata haimo humu, mume wangu kaifuta kwa mkono wake, hakukusudia, na amekufa nalo moyoni. Mwisho akasema, “Mwambie nnamuomba amsamehe Harub. Akishindwa leo, nitangoja.”

Nishida alifasiri huku kaangalia zulia. Uso wa Mjomba uliporomoka, sikuwa nimejua uso wa mchekeshaji unaweza kuporomoka vile. Kisha akasema kitu kifupi, na Nishida akasema anataka auone.

Tukaubonyeza. Mjomba kijana akaingia na nguo zake za mistari, Baba akatoa salamu, akawaambia watu wasiokuwepo wasinyanyuke. Kurata akaja na mkoba. Mzee alipomuona Kurata alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Baba akagomba, Baba akajibu, mabibi wawili wakanunua samaki. Mzee hakucheka hata mara moja. Alikuwa kausogelea uso wa Kurata mpaka pua yake inataka kugusa kioo. Mchezo ule ulipokwisha, alimuomba Aflah aurudishe nyuma, na akamnong'oneza Nishida. Nishida hakutaka kufasiri. Mama akamwambia sema.

“Anaomba,” Nishida akasema, “kama mtaridhia, sauti izimwe.”

Nlihisi damu inanipanda, sikufichi. Umemuomba mtu msamaha, anakuomba umnyamazishe marehemu wako ndani ya nyumba yake mwenyewe! Nikafungua mdomo. Mama alikuwa keshasimama. Alikwenda kwenye televisheni, yeye ambaye miaka minne hakumruhusu mtu kukohoa, akakizungusha kile kitufe mpaka sauti ya Baba ikaisha.

Mzee akasimama katikati ya chumba. Kwenye kioo Mjomba kijana anaingia, na hapa kwenye zulia letu Mjomba mzee anaingia naye, hatua kwa hatua, mkono kwa mkono. Akaanza kusema kwa Kijapani. Ndo mara ya kwanza kuyasikia maneno yale tangu Baba ayafute, na yalikuwa na sauti nyororo, ya mtu anayejipendekeza. Kurata akaja, akafungua mdomo, na mzee akanyamaza kumngojea. Kimya. Kurata anagomba na hakuna kinachosikika. Mzee akajibu kama aliyesikia, akanyamaza tena, akangoja tena. Kimya. Mara ya tatu sauti yake ikaanza kutetemeka, akakosa pa kuanzia, akasimama na mkono hewani kama ameshika kijiko. Nishida alijifunika uso.

“We nani?” Mama akasema.

Alisema pale pale. Kurata alikuwa kavuta pumzi yake, na Mama kaivuta naye. Sote tuligeuka. Mama yangu, mtu wa heshima zake, asiyenyanyua sauti mbele ya wanaume, kasimama na buibui lake kamkazia macho mzee wa Kijapani. Mzee akamtizama. Kisha kitu fulani kikamrudi mwilini, mabega yakashuka, tumbo likatoka mbele, akajibu kwa Kijapani maneno mengi ya haraka haraka. Mama akamuuliza undugu kwa nani. Mzee akajibu. Mama akamuuliza hilo ndo undugu. Mzee akajibu tena, mdomo kaujaza hewa kana kwamba ni wali. Mama alikuwa na kila neno la Mwenye Nyumba kichwani, lote, na mzee hakuhitaji hata moja. Alihitaji lije kwa wakati wake tu. Aflah akaanza kucheka na machozi yanamtoka, na mie nilikuwa sijui nafanya nini kati ya hayo mawili.

Wakafika mwisho. Kwenye kioo Kurata kamshika Mjomba kola. Mzee akainamisha shingo, akafumba macho, anangoja kufukuzwa. Mama akafungua mdomo, na “Toka” haikutoka. Kurata akamburura Mjomba mpaka mlangoni, akamtupa, na mzee bado kainama mbele ya Mama anangoja.

“Hilo sisemi,” Mama akamwambia Nishida. “Simfukuzi mgeni mie.”

Nishida akafasiri. Mzee akafumbua jicho moja, akasema kitu. Nishida akasema, “Anasema bila ya kufukuzwa mchezo hauishi.”

“Basi usiishe,” Mama akasema.

Mzee alipofasiriwa alicheka. Kicheko chake kilikuwa kidogo, cha puani, halafu kikawa kikubwa, halafu hakikuwa kicheko tena, akakaa chini kwenye zulia akalia kama watu wanavyolia wakiwa peke yao. Tulimwacha. Alipotulia alisema na Nishida kwa kirefu, na Nishida akamgeukia Mama. Akasema Mjomba anasema ile sauti aliyokuja kuifata hakuipata, na itamuuma, hawezi kusema uongo. Lakini alipomtizama Kurata na sauti ya Harub aliona jambo. Kila Kurata alipofunga mdomo, Harub alifunga. Kila alipopumua, alipumua. Kwao watu walikuwa wakimcheka yeye, Mjomba. Kurata hakuna aliyemtizama. “Anasema huyu mtu kamtizama Kurata kuliko wote. Anasema mumeo hadaiwi kitu. Amemsamehe, na anamshukuru.”

Mama akaitikia kwa kichwa, akauchukua mkanda ule wa asili, akaubusu, akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee akaupokea kwa mikono miwili. Kisha Mama akasema watu wana njaa, akaelekea jikoni, na mie nikamfata kwenda kumsaidia kupakua.

Nlimkuta kakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, miguu kainyoosha, buibui limemporomoka mabegani, analia kwa sauti. Hakulia vile siku ya maziko, wala eda nzima. Nikachutama mbele yake, nikamuuliza Mama, vipi, kuna nini.

“Kaachiwa, Kheiria,” akasema. “Baba yako kaachiwa.”

Nikamshika mikono, tukakaa hivyo hivyo, mpaka wali ukaanza kushika chini.